Kahawa Ambayo Hakimu Hakuigusa

Kabla hajawa jaji wa Mahakama Kuu, sisi wa Kihanga tulimjua kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, kijana mwembamba mwenye baiskeli. Hakuja kwenye harusi zetu wala hakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mtu. Sokoni alinunua ndizi zake, akalipa, akaondoka. Watu walisema anaringa, tena ni mtoto wa Karagwe hii hii.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kibanja chetu, nyumba na shamba lake la migomba. Baba alipofariki, mdogo wake alidai kibanja ni cha ukoo, na kwa kuwa mama alizaa binti tu, arudi kwao Songambele. Mama alisema baba alikinunua kwa jirani, akafungua kesi. Karatasi haikuwepo. Zamani mbuzi alichinjwa, mashahidi wakala na kunywa, ikatosha. Wale mashahidi walikuwa wameshakufa. Nilibaki mimi, niliyegawa rubisi siku ile nikiwa mdogo.

Nina aibu ya kuzaliwa nayo, na maneno hunitoka polepole. Shuleni mwalimu alikuwa akinipita. Mbele ya mahakama nilisema maneno machache, nikakwama. Baba mdogo akacheka, akasema mtoto amekaririshwa na somo limempotea. Hakimu hakucheka. Aliandika nilichosema kwa mkono, akainua uso, akangoja. Nikaendelea, akaandika, akangoja tena. Hivyo hivyo mpaka nikalifikia lile kubwa: aliyeshika kamba ya mbuzi siku ile alikuwa baba mdogo mwenyewe.

Baadaye hakimu alikuja kukagua kibanja pamoja na wazee wa baraza. Walianzia kwa baba mdogo, ng'ambo ya migomba, sisi tukiwangoja nyumbani. Walipofika, mama alileta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama apewavyo mgeni yeyote. Wazee wakachukua. Hakimu akasema, "Nashukuru, mama," na mikono yake ikabaki nyuma ya mgongo.

Kwetu, anayekataa kahawa yako ana neno na wewe. Walipoondoka, mama alikaa chini na kikapu mapajani.

"Ameshatuhukumu," akasema.

Baba mdogo alipata habari haraka. Akamtuma mkewe: mama akiondoa kesi ataachiwa nyumba na kipande cha shamba la mboga, akingoja hukumu, atatoka na nguo zake tu. Nilimsihi mama angoje. Alianza kutenganisha vyombo, vya kubeba na vya kuacha.

Siku ya hukumu baba mdogo alitupokea mlangoni. "Shemeji, hata kahawa yako imekosa mlaji," akasema, na waliokuwa karibu wakacheka. Hakimu alipofungua faili tu, mama akasimama, akasema anaondoa kesi.

Hakimu akainua uso.

"Kwa hiari yako, mama?"

Mama akajibu, "Mheshimiwa, ulikataa kahawa yangu."

Ukumbi ulicheka, hata karani. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Na ya shemeji yako niliikataa. Kesi ikiwa mezani kwangu, siwezi kutafuna cha yeyote kati yenu."

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anatazama viatu vyake. Hilo, kwamba na yake ilikataliwa, hakumtuma mkewe kutuambia.

"Bado unaiondoa?" hakimu akauliza.

Mama akakaa.

Hukumu ilisomwa polepole, mwishoni nikamsikia akisema kibanja ni chetu.

Kesho yake mama alimpelekea hakimu kile kikapu cha kahawa nyumbani kwake. Akakirudisha, akisema muda wa rufaa haujaisha. Safari hii mama hakununa. Alizitafuna mwenyewe njiani. Baba mdogo hakukata rufaa, lakini muda ulipokwisha hakimu alikuwa ameshahamishwa.

Miaka ilipita, tukasikia amekuwa jaji, wa kuamua kesi za nchi nzima. Nilimwambia mama akiwa anaanika kahawa uani. Alifurahi, kisha akasimama na ungo mkononi.

"Maskini," akasema. "Sasa atakula kwa nani?"