Kifuu cha Mwanapili

Mwanapili wa Chwaka hakuwa mtu wa kusahau, na mimi jirani yake simlaumu hata chembe. Mwaka wa Mapinduzi bintiye Tabia alishikwa na shurua, macho yakavimba. Bi Sichana, aliyekuwa akiwatibu watoto wetu, alikataza hospitali. Shurua haipendi sindano, alisema, mtoto akichomwa atakufa. Akamtilia maji ya majani machoni. Homa ilipotulia, Tabia alikuwa na chamba cheupe macho yote mawili, haoni tena. "Ndivyo alivyoandikiwa," Bi Sichana akasema, akabeba kikapu chake akaenda zake. Laiti angalinyamaza!

Mwanapili alimpeleka Tabia mjini, akaambiwa amechelewa. Hakulia mbele za watu. Alimganda daktari wa macho mpaka akafundishwa kuwapima watoto. Alirudi na kifuu cha nazi. Kila mtoto alimziba jicho moja kwa kifuu, akamwonyesha dagaa. Aliyelia na kukisukuma kifuu, basi jicho lililobaki wazi lina kasoro. Wenye shurua aliwapandisha mwenyewe gari la asubuhi kwenda hospitali mjini, mama zao wapende wasipende. Mlangoni kwa Bi Sichana pakaota majani, na Mwanapili akipita pale alicheka makusudi.

Mwaka wa sitini na tisa shurua ilimkamata Mcha, mjukuu wa Bi Sichana. Macho yakafumba. Bibi hakuthubutu kumtilia dawa yake mwenyewe! Alimbeba mpaka kwa Mwanapili.

"Mwanangu, nnakuomba..."

"Usiniite mwanangu. Mwanangu yule pale, anakusikia tu, hakuoni."

Tabia alikuwa kizingitini akisuka ukili wa mkeka. Mikono yake ilisimama.

"Mcha atakwenda mjini leo hivi," Mwanapili akasema. "Mtoto hana kosa. Lakini akipona, utanibebea kifuu nyumba kwa nyumba, na kila mlango utasema ulimfanya nini Tabia."

Bi Sichana alimtazama mjukuu wake. "Ntasema."

Mcha alipona, macho mazima. Na bibi akasema, Chwaka nzima: "Msiwatilie majani. Mimi ndiye niliyempofua Tabia." Mama waliokuwa wakimkimbia Mwanapili wakaanza kuwatoa watoto wao wapimwe.

Mwaka wa tatu wa kuzunguka na kifuu, miguu imemvimba, Bi Sichana aliuliza, "Mwanapili, bado hujaridhika?"

Mwanapili akamkabidhi kifuu.

"Siku Tabia atakapokuona, ntaridhika."