Siku Nilipopakwa Unga Niwe Mhindi

Waliokuwepo nawajua wote, na nianze nao, asije mtu akasema bibi amezeeka anachanganya habari. Alikuwepo Mwalimu Byabato wa shule ya msingi hapa Kimuli, kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo, ambaye alimwoa binamu yangu Leokadia, kwa hiyo ni shemeji yangu. Alikuwepo Restituta, wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwepo Sista Nirmala, muuguzi wa zahanati, aliyenizalisha Denisi wangu, yule aliyezaliwa akitanguliza miguu. Alikuwepo mgeni rasmi kutoka wilayani Kayanga (siku hizo Kyerwa yetu ilikuwa bado ni Karagwe), jina lake nalikumbuka ila silitaji kwa sababu ana wajukuu. Na nilikuwepo mimi, Mama Denisi, unga wa muhogo usoni na tumbo la majani ya mgomba kiunoni, mbele ya kata nzima. Aibu nimeziona nyingi, hata kanisani nimewahi kuanguka na kikapu cha sadaka, lakini hii nikiikumbuka mpaka leo nagonga fimbo chini, na hasira yenyewe nusu ni juu ya wengine na nusu ni juu yangu.

Sista Nirmala alikuwa Mhindi wa Kayanga. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, akafariki, duka likafungwa, ndugu zake wakaenda zao huko walikokwenda, yeye akasomea uuguzi akarudi kwetu. Kinyambo alikijua kile cha ndani, cha mabibi, pamoja na matusi yake. Mchana wagonjwa wakiisha alikuwa anakaa barazani anamwiga mama mkwe wangu, Bibi Kokunura, anavyoingia jikoni kwa watu akisukuma kifuniko cha chungu kwa ncha ya fimbo na kusema, "Na hiki mmekipika au mmekiua?" Nilikuwa nacheka mpaka namwomba aache, maana ilikuwa kama mwenyewe kaingia.

Ilipotangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kufungua wodi ya wazazi, mchezo wa siku hiyo aliutunga yeye Nirmala. Habari yenyewe ni ya mama mkwe anayemkatalia mkamwana wake asiende zahanati, uchungu umeshamshika, mpaka karibu mtoto afe. Na alitaka kitu kimoja tu, yeye ndiye aigize huyo mama mkwe. Alinifuata shambani nikiwa napalilia maharage, akasema, "Waitu, wewe ni wa zamani kwenye kikundi, wanakusikiliza. Nisemee." (Waitu ni neno letu la kumwita mtu wako wa karibu.) Nikamwambia nitakusemea. Nilitamka hivyo hivyo, nitakusemea, jembe mkononi.

Tukakaa kikao. Mwalimu Byabato akasema, "Sista, mchezo umeutunga vizuri, tunakushukuru. Ila mama mkwe ni Mnyambo. Wewe ukitokea pale na rangi hiyo, watu wataona tunawachezea."

"Mwalimu, Pasaka iliyopita wewe ulikuwa Farao," Nirmala akasema.

"Farao ni mambo ya Biblia. Wewe tutakupa mwenye duka. Anaingia, anaudhi watu kidogo, anatoka. Watu wanampenda sana huyo."

"Kwenye mchezo wangu hakuna mwenye duka."

"Tutamweka."

"Mwenye duka alikuwa baba yangu. Mimi ni mkunga. Tangu niko darasa la pili, kila mchezo mnanipa duka."

Halafu akanitazama. Na mimi, jamani, nikaanza kuchunguza ukucha wangu wa kidole gumba kana kwamba umeota usiku ule, nikauchunguza mpaka nikasikia kiti kinasogezwa na Nirmala anatoka. Hapo ningeweza kumkimbilia. Lakini Mwalimu akanigeukia, "Mama Denisi, wewe una mwili na una sauti, Mhindi utamweza," na mimi ambaye kwa miaka mitatu nilikuwa napewa kuwa umati wa watu tu (umati wa watu hausemi neno, unanung'unika), nikaona mgeni rasmi anakuja, nikaona nitasikika, nikasema sawa. Neno moja hilo, sawa, ndilo lililozaa mengine yote. Mama mkwe akapewa Restituta.

Mhindi akahitaji sari. Sari Kimuli nzima ilikuwa moja, ya mama yake Nirmala, na mimi sikuwa na haya, nikaenda kwake nikamdanganya kwamba tunamuaga binti wa dada yangu. Hakuuliza kitu. Akaitoa sandukuni, ya kijani, imekunjwa na majani makavu ya kufukuza wadudu, akasema, "Nije nikufunge? Ina namna yake." Nikaruka haraka, hapana, najua. Nilikuwa najua nini? Siku yenyewe, Alhamisi, nilijizungushia kama ninavyofunga kanga, nikabana kwa kamba ya mgomba, na hata mtoto wa huku anajua kamba ya mgomba hulowekwa kwanza ndipo ishike, ikiwa kavu hukatika ukikohoa. Mimi kwa haraka ya kwenda kuonekana nikafunga kavu. Sikuwa na akili ya kufunga hata mzigo wa kuni.

Jukwaa lilikuwa la mbao mbele ya zahanati. Nikaingia na tumbo langu, nikisema maneno ya Mwalimu, "Veve nataka nini, veve," watu wakavunjika mbavu. Nirmala mwenyewe hakuwa anasema hivyo, baba yake hakuwa anasema hivyo, sijui hata nani aliwahi kusema hivyo. Restituta kama mama mkwe akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Huku kwetu mgeni akiingia nyumba yenye mzazi hupewa punje za kahawa, na kuzikataa ni kuikataa nyumba. Mwalimu alikuwa ameniagiza nizitafune, nikunje uso, nizitupe chini kwa mate. Nikatema. Watu wakacheka mpaka benchi la nyuma likapinduka. Na niseme lililo baya kuliko yote, nilifurahi. Nikaongeza hata ambayo sikuagizwa, nikatikisa kichwa, nikajikuna tumbo, nikatema tena.

Hapo ndipo nikamwona, benchi la pili, amevaa sare yake nyeupe, mikono mapajani. Aliitazama ile sari, wala hakuitazama sura yangu. Yeye nimemtafunisha kahawa kwangu mara ngapi, kwa kila mtoto aliyempokea kwa mikono yake yeye alipewa kahawa ya nyumba hiyo, na hakuwahi kuitema hata ile ya kwa Bibi Kokunura ambayo ni moshi mtupu.

Nikachutama nijifiche. Kamba ikakatika. Majani ya mgomba yakamwagika, sari ikateremka, jasho likauyeyusha unga ukaniingia machoni, nikawa kipofu, nikaikanyaga sari ya mama wa watu nikasikia inachanika, nikamshika Restituta, tukaanguka wote wawili juu ya kitanda cha mzazi, na mzazi (alikuwa Leokadia) akakimbia bila uchungu wowote. Nikasimama na gagulo lenye tobo. Kagaruki, muuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapaza sauti kutoka nyuma, "Sista, nenda kamvalishe ndugu yako." Wakacheka upya.

Akaja. Akapanda jukwaani polepole, akaikusanya sari, akaikunja mkono kwa mkono, akanifuta macho kwa pindo la aproni yake, na akaniambia kwa Kinyambo, taratibu, mimi tu nisikie, "Ulisema utanisemea."

Mgeni rasmi alidhani ni sehemu ya mchezo. Akasimama anapiga makofi, akachukua kipaza sauti. "Nimefurahi sana. Na huyu dada yetu wa Kihindi, nimemsikia kwa mbali kama anaongea Kinyambo. Umejifunzia wapi?"

"Nimezaliwa Kayanga, mheshimiwa."

"Ndiyo, lakini kwenu hasa ni wapi?"

"Kayanga."

"Basi karibu sana Tanzania," akasema, na watu wakapiga makofi. Wanamkaribisha! Aliyewapokea nusu ya watoto waliokuwa wamebebwa migongoni pale, ndiye anakaribishwa. Kipaza sauti kilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kusema. Nikashika gagulo.

Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Alikuwa anapanga vifaa kwenye wodi mpya. Hakugomba, hakulia. Aliinua kichwa akasema, "Shikamoo, Mama Denisi." Tangu tujuane hakuwahi kuniamkia, tulikuwa rika moja, tunaitana waitu. Shikamoo ile ilinifungia mlango na kufuli. Nikaitikia marahaba, ningefanya nini.

Kabla ya masika akaomba uhamisho, akaenda ng'ambo ya ziwa. Wodi ikakaa muda mrefu bila mkunga, tukarudi kuwabeba wazazi kwa machela. Na leo nawasikia watu walewale, wazee wenzangu, wakikaa na kusema Wahindi hawachanganyiki na watu. Huwa nainuka naondoka, nisije nikampiga mtu fimbo. Mwingine ananiambia, bibi, ulikuwa utani tu. Utani wa nani? Mimi ndiye niliyepakwa unga, mimi ndiye ninayejua. Nimeapa kwamba mtu akiniomba nimsemee nami nikikubali, nitasema, hata kama nitasimama na gagulo.

Sasa nyinyi mliokuwepo, kama nimekosea mnisahihishe. Kama ilikuwa Jumamosi na si Alhamisi, semeni. Kama Restituta hakuanguka (yeye hudai aliteleza), semeni. Na kama kuna mtu hata mmoja ambaye siku ile hakucheka, naomba mnitajie jina lake, maana nimewapitia wote kichwani, benchi kwa benchi, na sijampata.