Gongo refu la Fintan Looby

Saa moja asubuhi, Jumatatu. Fintan Looby anaingia karakanani kwake, anaupita msumeno wa umeme bila kuutazama, kama mtu anayempita jirani waliyegombana naye, na kuketi kwenye benchi la kazi. Koti lake linanuka moshi. Macho yamevimba.

"Sijalala," anasema. "Parokia nzima haijalala. Leo hata ng'ombe wamechelewa kukamuliwa, na hakuna aliyewaomba radhi."

Fintan ana miaka sitini na sita, na ndiye fundi wa magongo wa Carrigmoyle, kijiji cha wafugaji katika kaunti ya Tipperary, Ireland. Ni magongo ya kuchezea hurling, mchezo wa Kiireland wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, si gongo lile la kunywa, ingawa jana la kunywa nalo halikukosekana.

Kazi hii aliipokea kwa baba yake. Mbao ni za mti wa ash, nao hukatwa chini kabisa, pale shina linapopinda kuingia mzizini, maana hapo nyuzi za mti hujipinda zenyewe na kulifuata umbo la gongo. Ukichonga mbao iliyonyooka, litavunjika siku ya kwanza.

Zamani alichonga magongo elfu moja kwa mwaka. Mwaka jana hayakufika mia tatu. Miti hiyo imeingiwa na ugonjwa, inakauka kuanzia juu nchi nzima, na madukani yamejaa magongo ya plastiki. La kwake anauza euro arobaini na tano. "Ukitoa mbao na umeme," anasema, "inabaki hela ya chai. Tena chai kavu, bila keki."

Ndiyo maana ameuuza ule msumeno, alionunua baba yake mwaka 1968. Mnunuzi anakuja kuuchukua keshokutwa, Jumatano. Fintan alikwisha kuamua: fainali ya vijana chini ya miaka kumi na mitano iwe kazi yake ya mwisho, kisha afunge mlango.

Fainali yenyewe hakuna aliyeitarajia. Timu ya hurling ni watu kumi na watano, na Carrigmoyle ina watoto kumi na sita wa rika hilo. Wa akiba ni mmoja tu, naye ana pumu. Wapinzani wao, Templeroe, ni watoto wa mjini, wenye wachezaji wa akiba na akiba ya akiba.

Mara ya mwisho parokia hii kufika fainali ya vijana ilikuwa mwaka 1973. Aliyekosa pigo la mwisho siku ile alikuwa Fintan mwenyewe, mwenye miaka kumi na minne.

"Pigo la bure, mbele ya goli, hata bibi yangu angelipiga," anakumbuka, huku akisugua kiganja kama bado kinamuuma. "Nikapiga ardhi. Gongo likakatika vipande viwili, mpira ukaenda unabiringika kama yai. Tulishindwa kwa pointi moja."

Pakie Fogarty, waliyecheza naye bega kwa bega, hajamwacha asahau. "Miaka hamsini na miwili!" anasema Fintan. "Kila Krismasi, kila harusi. Kwenye mazishi ya mama yangu alinishika mkono akaniambia, 'Pole sana, Fintan, mama alikuwa mtu wa watu. Ila lile pigo, bwana...'"

Jana Jumapili Fintan alisimama pembeni mwa uwanja, magongo ya akiba yamejaa kwapani. Hiyo ndiyo nafasi yake siku za mechi: gongo la mchezaji likivunjika, yeye humkimbilia na jingine. "Siku hizi sikimbii," anasahihisha. "Natembea kwa hasira."

Dakika ya mwisho Templeroe walikuwa mbele kwa pointi mbili. Katika hurling mpira ukipita juu ya goli ni pointi moja, ukiingia wavuni ni bao, nalo huhesabiwa pointi tatu, kwa hiyo Carrigmoyle walihitaji bao, si kingine. Hapo ndipo gongo la nahodha, Eoghan Kirwan, lilipopasuka mikononi mwake. Fintan akamfikia, akampa jingine, akarudi pembeni.

Eoghan hutumia gongo la inchi thelathini na mbili. Alilopewa lilikuwa la inchi thelathini na nne, la mtu mzima.

Mpira ukaja juu, kutoka pembeni. Waliruka vijana watatu, wawili wa Templeroe na Eoghan katikati yao. Gongo lililoufikia lilikuwa moja tu. Ukagusa ncha, ukamgeuka kipa, ukalala wavuni.

Watu wa Carrigmoyle walinyamaza kwanza. Hawakuwa na mazoea. Kisha uwanja ukapasuka. Assumpta Dwan, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma watoto wote kumi na sita, alimkumbatia mtu wa Templeroe asiyemjua na kumlilia begani. Padri alirusha kofia juu, na mpaka leo haijaonekana. Pakie Fogarty alipiga magoti matopeni na suruali yake ya kanisani. Husemwa ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Jana huyo ng'ombe alizaa jike, tena pacha.

"Fintan, ulijuaje?" watu walimzonga. "Ulimpa refu makusudi! Uliona mpira utakuja juu!"

"Niliwaitikia kwa kichwa tu, kama askofu," anasema sasa, kisha anashusha sauti. "Ukweli, miwani niliiacha garini."

Furaha ikaleta tatizo. Timu ikirudi na kombe, hulakiwa kwa moto mkubwa pale njia panda. Basi husimama, watoto hushuka, na hutembea nyuma ya kombe wakipita mbele ya moto. Lakini kukusanya kuni kabla ya mechi ni kuchuria, na hapa hakuna mtu aliyethubutu kuweka hata kijiti. Tena wiki nzima ilikuwa mvua.

Fintan alikuwa ametangulia nyumbani na kigari chake. Assumpta akaingia karakanani bila kubisha, anahema.

"Kuni, Fintan! Dereva wa basi nimemwambia awanunulie watoto chipsi njiani. Tuna nusu saa."

"Kuni sina, mwalimu. Mbao zilizobaki ni za magongo, na mti mwingine kama huu hauji."

"Na kile kibanda cha nyuma?"

Katika kibanda kile mna kila gongo lililovunjika Carrigmoyle tangu enzi za baba yake. Watu huleta vipande, huchukua jipya, naye hakutupa hata kimoja. Kila mpini una jina kwa penseli. Watoto wake ni hao, maana wa kuzaa hakujaliwa.

"Nilitaka kukataa," anasema. "Nilishafungua mdomo."

Lakini watu walikuwa wamekwisha kumfuata Assumpta, na kibanda kikafunguliwa. Aliyeingia kuchukua kuni alitoka na jina.

"Hili langu! Mwaka themanini na nane, tulipocheza kwenye theluji!"

"Muone huyu, kumbe ulikuwa mfupi hivi?"

"Nani kaandika 'Mvivu' kwenye jina langu? Fintan!"

Mwanamke mmoja alimpigia simu kaka yake aliyeko Boston na kumwonyesha gongo lake kwenye kioo. "Lichome," sauti ilisikika, nzito. "Lichome, dada, ila elekeza simu huko nione." Assumpta alipata la mumewe, aliyezikwa mwaka juzi. Alilishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya jina, kisha akalibeba mwenyewe mpaka njia panda bila kumpa mtu. Hakuna aliyeambiwa achome. Kila mmoja alilitupa la kwake kwa mkono wake, na mti huo hauna ubishi na moto. Jua la Juni lilikuwa bado halijazama.

Chini kabisa ya lundo Pakie alikuta vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba. 1973. Akavileta mbele ya watu wote, na Fintan akajiandaa kwa kejeli.

"Hili," alisema Pakie, "nimekusimanga nalo tangu tuna nywele. Mimi mwenyewe nimechoka, kaka. Litie motoni, nami nipumzike."

Fintan alilitia. Anasema alilia, wala haoni haya kusema. Alimlilia baba yake, aliyelichonga gongo lile. Aliwalilia walioko Boston na Sydney, na enzi ambazo parokia hii ilikuwa na timu tatu za watoto na hupati pa kuegesha baiskeli. Basi lilipotokea kwenye kona, alikuwa bado anajifuta kwa mkono wa koti.

Mlango wa karakana unagongwa. Ni Eoghan Kirwan, hajachana nywele, medali iko shingoni juu ya fulana aliyolalia. Mkononi ana gongo la jana.

"Shikamoo, Mzee Looby. Nimerudisha. Siyo saizi yangu."

Fintan anamwelekeza kwenye mwimo wa mlango. Kila mtoto wa Carrigmoyle amesimama hapo, wazazi wao pia, na mbao imejaa alama na majina. Gongo likisimamishwa chini, ncha yake hutakiwa kufika kwenye mfupa wa nyonga. Hili linaupita mfupa wa Eoghan kwa inchi mbili.

"Nitalipunguza sasa hivi," anasema Fintan na kuchukua msumeno wa mkono.

"Usilikate!" Kijana analivuta kifuani. "Liache hivyo hivyo, mzee. Nitakua."

"Na likipasuka? Utalipeleka kwa nani?"

Eoghan anamtazama kama aliyeulizwa jua huchomoza wapi. "Kwako."

Fintan anauangalia msumeno wa baba yake pale pembeni, kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Kisha anachukua penseli sikioni, anaandika jina la Eoghan kwenye mpini na kuchora alama kwenye mwimo wa mlango, nyonga inapoishia. Juu yake, inchi mbili, anachora alama ya pili. Anamrudishia kijana gongo na kutoa simu mfukoni.

"Halo? Looby hapa, wa Carrigmoyle. Kuhusu ule msumeno... Hapana, haujaharibika. Umepata kazi." Anasikiliza, anatikisa kichwa, anaitazama ile alama ya juu. "Miaka miwili hivi. Itategemea mtoto anakula vipi."