Siku Baba Alipoifuata Katuni na Fimbo

Enzi zetu pale kijijini Didia, katuni ya Kijapani haikuwa na maandishi ya tafsiri chini. Ilikuwa na Sayi, mwenye banda la video, aliyesimama kando ya runinga na kipaza sauti akitusimulia kwa Kiswahili kila kilichosemwa. Kijapani hakujua hata neno moja. Hilo tulikuja kulijua ukubwani.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki hii nimetazama katuni mpya ya Kijapani, na jamani, mpaka sasa sijatulia! Binti na babu yake wanatunza kituo kidogo cha treni mlimani, kwenye theluji, ambako hashuki mtu. Basi. Hakuna mapanga, hakuna majitu. Wenzangu mliokulia banda la video, itafuteni. Mwanzo unakwenda polepole, vumilieni; na sikilizeni sauti zenyewe za Kijapani, ile ya Kiingereza wameipooza kama chai ya jana. Babu anapokung'uta theluji kwenye kofia yake, nilimwona baba yangu mzima mzima.

Baba alikuwa mfugaji, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Jumamosi moja mchana alitutuma, mimi na dada yangu Kabula, tukasage mahindi. Foleni mashineni ilikuwa ndefu. Tukaacha ndoo kwenye mstari, tukachomoka hadi kwa Sayi. Siku hiyo ilikuwa katuni ya mzee anayevuka milima na ng'ombe wake wa mwisho. Tukasahau unga, tukasahau na kwetu.

Baba aliikuta ndoo peke yake. Mara mlango wa banda ukajaa: ni yeye, fimbo mkononi. Kabula akanibana mkono hadi kucha zikaingia.

"Shikamoo, mzee," Sayi akasema.

"Marahaba. Nafuata watoto." Lakini macho yalikuwa yameshanaswa na runinga. Akasogea hatua moja, akahamia Kisukuma. "Ng'ombe yule anaumwa mguu wa nyuma. Mbona mwenyewe hamwoni?"

Sayi hakuwa mjinga. Palepale akaanza kusimulia kwa Kisukuma, na yule mzee wa Kijapani akawa anamwita ng'ombe wake kama tulivyowaita wa kwetu. Watu wakasogea, Baba akakaa, fimbo akailaza magotini. Ng'ombe alipoanguka, Baba alipangusa uso kwa kiganja, akajifanya ni jasho.

Katuni ilipokwisha tukapitia mashineni, tukasaga, tukashika njia ya nyumbani tukisubiri viboko. Baba alitangulia, kisha akasema, "Mama yenu msimwambie." Hatua chache mbele akageuka. "Jumamosi ijayo mtasaga saa ngapi?"

Siku hizi wanangu hapa Geita wana katuni mia ndani ya simu, tafsiri neno kwa neno, na bado wanauruka wimbo wa mwanzo kama wanaowahi basi la Mwanza! Nilipomaliza ile ya kituo cha treni niligeuka nimwambie mtu, nikakuta kila mmoja sebuleni ameziba masikio kwa hedifoni zake. Nikafuta machozi peke yangu. Kwa Sayi, mtu mmoja akilia, benchi zima lilitikisika.