Uji wa Sabato

Phelesia alihamia ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Migori mwaka wa 1996, akitokea Kosele na godoro moja na masufuria. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mpishi katika shule ya watoto waliochelewa kiakili kule Homa Bay, mpaka miguu ikaanza kumvimba. Nilimdharau siku ile ile. Mpishi tu, nikasema moyoni, atanifunza nini mimi?

Maana mimi, Nyasuguta, nilikuwa mjuaji. Binti yangu Gesare alikuwa na miaka kumi na saba, na maneno yake tangu utotoni hayakuzidi matano. Siku za wiki alikuwa mpole, tunachambua maharagwe pamoja sokoni. Lakini kila Jumamosi asubuhi, akianza tu uji, wee! Alirusha kikombe, akajipiga makofi shavuni, akamng'ata yeyote aliyemkaribia. Sisi ni watu wa Sabato. Pepo gani huzuka siku ya Bwana peke yake, kama si lile linaloichukia? Basi tukalikemea, na mimi nikamfunga mikono kwa kamba ya katani hadi jua lizame. Miezi mitatu. Mzee Machuki, aliyetuongoza katika maombi, alikuwa ameshapanga: Jumapili tumpeleke kambi moja ya maombi, mbali, ambako wagonjwa hufungwa minyororo mpaka wapone. Nilikubali. Mimi mama yake, nilikubali.

Phelesia hakubishana nasi. Aliomba tu akae na Gesare jioni za wiki ile. Nikichungulia, namkuta ameketi chini kama yeye, anachambua maharagwe kimya. Gesare akijitenga, anamwacha ajitenge. Nikamcheka, nikasema huyu mama hana kazi. Alhamisi nikamwona amefungua kinywa chake mwenyewe, binti yangu ametia kidole humo, anagusa meno moja moja. Kisha Gesare naye akafungua chake, bila kushikwa na mtu.

Ijumaa akaniita pembeni.

"Mama Gesare, hilo si pepo. Ni jino. Limetoboka hadi ndani."

Nilimcheka kwa hasira. Akaniuliza uji wetu wa Jumamosi unakuwaje. Baridi, nikamwambia, hata mtoto anajua: unapikwa Ijumaa kabla jua halijazama, Sabato hatuwashi moto. Akaniuliza wa siku nyingine. Wa vuguvugu, nikasema, unapikwa asubuhi hiyo hiyo. Basi ni baridi inayolichoma hilo jino, akasema.

Bado nilibisha. Sikio la kufa halisikii dawa. Phelesia ni Mkatoliki, jiko lake linawaka Jumamosi kama siku yoyote, akaomba ampe Gesare uji wake wa vuguvugu. Chakula cha moto wa Sabato, kinywani mwa mwanangu! Lakini kambi ilikuwa keshokutwa, na nilitaka aaibike mbele yangu. Nikamwambia ampe. Kesho yake nikasimama mlangoni na kamba mkononi.

Gesare alikunywa. Akaumaliza wote, akalamba mdomo wa kikombe, akatulia. Miezi mitatu, ndugu zangu, watu wazima tumesimama tunakemea jino kwa jina la Yesu, na mtoto anatuonyesha shavu lile lile kila wiki! Kumbe alikuwa anasema wakati wote, na viziwi tulikuwa sisi.

Kambini hakwenda, na Jumatatu jino liling'olewa. Lakini asubuhi ile, pale mlangoni, Gesare aliiona kamba mkononi mwangu. Akaweka kikombe chini taratibu, bila kukigonga. Akanijia. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja vimeshikana, akasubiri nimfunge.