Mkoba wa Mkono wa Kushoto

Nakumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi moja ya baridi mwaka 2011, nilipopanda ngazi za nyumba moja ya mtaa wa Fordsburg nikiwa na futi ya kupimia mfukoni na penseli sikioni. Chini palikuwa na duka la vitambaa. Juu aliishi Mzee Karim, mzaliwa wa Tanga, pamoja na binti yake Nasra. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa ngozi mwenye chumba kimoja Doornfontein. Kazi nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kamusi pembeni, na kwa sababu hiyo nilijiona najua mengi. Wewe umeanza kazi juzi tu, na jana nilikusikia ukimjibu mteja kabla hajamaliza kusema. Ndiyo maana nakuandikia, tena kwa Kiswahili, ingawa najua utanijibu kwa Kiingereza.

Mezani, juu ya kitambaa cheupe, ililala bastola ya kizamani yenye silinda ya kuzunguka, iliyotengenezwa kabla hata ya baba yake Mzee kuzaliwa. Mtutu wake ulikuwa umezibwa kisheria na karatasi zake zilikuwa kwenye droo. Haikuweza tena kumdhuru hata panya. Baba yake aliivaa kiunoni alipokuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge, akipeleka fedha za vibarua kambi hadi kambi. Familia ilipohamia huku kusini bastola ilifika, lakini mkoba wake wa ngozi ulipotelea njiani.

"Nataka niione imevaa," Mzee aliniambia. "Mkoba wa wakati wake, yakhe, si hii ya sinema. Daktari kasema jicho la kulia limekwisha, na la kushoto lafuata. Nikiwahi kuuona, basi, sidai kingine."

Nikainama juu ya bastola. Nilipima mtutu, nikapima silinda, nikachora mpini kwenye karatasi. Mzee alikuwa amekaa dirishani, jua la asubuhi likimwangukia magotini, akizungumza polepole kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoka.

"Baba alikuwa akirudi jioni, wamsikia kabla hujamwona..."

"Subiri kidogo, Mzee, hesabu isinipotee."

Akasubiri. Baadaye akaanza tena, kwamba mkoba ule ulikuwa na harufu yake, na mimi nikamwambia kwa adabu kabisa asijichoshe, vitabu vinaeleza kila kitu. Akatabasamu, akanyamaza. Ile adabu yangu bado inaniuma, mwanangu.

Miezi miwili nilitafuta. Kila Jumapili nilizunguka soko la vitu vya kale, nikipita katikati ya sahani za watu waliokufa na saa zisizotembea, mpaka nilianza kuona mikoba ya bastola usingizini, imening'inia kwenye miti kama matunda. Hatimaye nikaupata, chini ya rundo la hatamu za farasi. Ngozi ya kahawia, kifuniko kirefu, kishikizo cha shaba, mshono wa kitani uliopakwa nta, ule ule wa kwenye picha za vitabu. Muuzaji alitaka randi mia tisa. Nilimlipa kwa kodi ya chumba, nikijua Mzee atanirudishia.

Tulipoweka bastola ndani yake iliingia bila kusukumwa. Nasra akapiga makofi. Mzee akauinua hadi karibu na jicho lake, akaugeuza, akaunusa, kisha akanirudishia kwa heshima, kama unavyomrudishia mgeni kofia yake.

"Kitu kizuri. Cha nani?"

"Eish, Baba!" Nasra akacheka. "Ni chako!"

"Changu?" Akausogeza kwenye kiuno cha kushoto. Kifuniko kikaangalia nyuma, maana ulishonwa kwa mtu wa mkono wa kulia. "Babangu alikuwa mashoto, mwanangu. Na mkoba wake hakuununua dukani. Alishonewa pale pale shambani, kwa kipande cha mkanda wa mashine ya mkonge, na uzi wa mkonge wenyewe. Ulikuwa mweusi, wanuka mafuta ya mashine. Ukilia! Nyiki, nyiki, nyiki. Nikiusikia tu, nakimbilia mlangoni kabla hajabisha."

Nilisimama na mkoba wangu sahihi mkononi. Kila kitu ndani yake kilikuwa cha wakati ule, ila haukuwahi kuwa wa mtu yule.

"Bastola umeiuliza mambo yote," Mzee akasema, wala hakupandisha sauti. "Na mimi nilikuwa nimekaa papa hapa."

Basi nikakaa chini, kwenye mkeka, penseli nikaitia mfukoni, nikauliza. Kifuniko kilifungwaje? Upana wa vidole vingapi? Alijibu hadi adhana ya alasiri, macho yamefumbwa, mikono ikionyesha hewani, na mimi nikaona kile kitu kinatokea katikati ya viganja vyake.

Mikanda ya ngozi ya mashine siku hizi haipatikani ovyo, maana karibu yote ni ya mpira. Nilipata kipande kwenye karakana iliyofungwa, mitaa miwili kutoka kwangu, kigumu kama ubao. Nilichonga kigogo cha mti chenye umbo la bastola, kwa kuwa ngozi huloweshwa ndipo ivalishwe, nayo bastola huwezi kuilowesha. Ngozi ile nene ilikataa kukunjika. Nililowesha, nikafunga kwa kamba, nikangoja ikauke, nikaanza upya. Uzi wa mkonge niliusokota mwenyewe mapajani, kama alivyonielekeza Mzee. Kazi hiyo haikutaka haraka, na jicho la Mzee halikutaka kungoja.

Nilipopanda tena zile ngazi, Nasra alinifungulia mlango akatikisa kichwa. Nikaelewa. Lile jicho la kushoto lilikuwa limezimika wiki iliyotangulia.

Mzee alikuwa dirishani pale pale, jua magotini. Nikaivisha bastola mkoba wake, nikapitisha mkanda wangu, nikajifunga upande wa kushoto, nikavuka chumba kumwendea. Nyiki, nyiki, nyiki.

Mzee hakugeukia nilikokuwa. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, akaweka mikono kwenye viegemeo vya kiti, akaanza kuinuka.

Nasra alimshika bega. "Baba, ni fundi."

"Najua ni fundi," akasema. "Mwambie atembee tena."

Nikatembea mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukutani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mtu akikuletea kitu ukitengeneze, kiweke chini kwanza, umwangalie aliyekileta. Mwache aseme hadi achoke, hata akianzia mbali, hata akirudia. Vitabu usiviache, mimi sijaviacha. Lakini vitabu havikumfungulia mlango yule karani. Macho ya Mzee yaliuona mkoba mmoja tu kabla ya kuzimika, na ulikuwa ule usio wake, kwa sababu nilimnyamazisha asubuhi moja nikihesabu.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na masikio yenye subira. Akupe wateja wanaozungumza sana, na jua la kukaa nalo ukiwasikiliza.

Ule mkoba wa kahawia unaoning'inia juu ya meza yangu, ambamo wewe hutia mikasi, ndio huo. Mzee alitaka kunirudishia fedha, nikakataa. Kwa upande wa pesa, basi, hasara yote ilikuwa randi mia tisa.