Milango ya Zahanati

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Bariadi, nasubiri muhuri. Mbele yangu alisimama fundi mmoja wa makamo, kashika mkataba kwenye mfuko wa nailoni. Alijenga zahanati kijijini, upande wa Ngulyati, na malipo ya mwisho hajayaona.

"Mwangaluka, bosi," alimsalimia kwa Kisukuma ofisa wa malipo aliyekaa mezani.

Bosi alivuta faili. Alilifunua kwa ncha ya kalamu, kama anayegusa kitu kichafu.

"Mzee, jengo lako halijapokelewa. Mhandisi hajaenda kukagua."

"Mwaka mzima, bosi? Na akina mama wanajifungulia humo."

"Wajifungue tu. Kwenye karatasi zangu hakuna jengo. Sasa nikulipe nini?"

Fundi aliukunja mkataba taratibu, akaurudisha kwenye nailoni.

"Basi kama hakuna jengo, kesho naenda na mkokoteni kung'oa milango yangu."

Bosi aliruka kutoka kwenye kiti. "Thubutu! Ukigusa hata bawaba, unalala ndani! Hiyo ni mali ya serikali!"

Mali ya serikali! Jengo lililokosa wa kulipokea mwaka mzima lilipokelewa palepale, bila mhandisi, bila muhuri, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Kwa hasira nilisahau kilichonipeleka.

Fundi sasa anakwenda mahakamani. Hati ya mapokezi hana, lakini ana foleni nzima iliyosikia. Shahidi wa kwanza ni mimi.